Shishkin bila rangi

Wengi wanamjua Ivan Shishkin, mchoraji wa misitu wa Urusi, kwa picha moja: dubu wanne kwenye msonobari uliovunjika, na ukungu wa asubuhi nyuma yao. Imechapishwa kwenye kalenda na karatasi za peremende mpaka macho yamechoka kuiona. Wanaomsifu husema amechora kama kamera. Wanaomponda husema vivyo hivyo, kwa sauti nyingine tu. Kwa maoni yangu wote wameingilia mlango usiofaa. Shishkin alikuwa mtu wa mstari kwanza. Rangi ilikuja baadaye, na haikuwahi kumtii kama mstari ulivyomtii. Anayetaka kumwelewa aanze na kazi zake nyeusi na nyeupe, yaani kalamu, mkaa na bamba la shaba, kisha ndipo arudi kwa dubu.

Kwanza maisha yake, kwa kifupi. Alizaliwa Januari 1832 mjini Yelabuga, kando ya mto Kama, kwenye jimbo la Vyatka. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nafaka aliyependa mambo ya kale, na ndiye aliyeuletea mji mfumo wa maji wa mabomba ya mbao. Kijana alipelekwa shule Kazan, akaiacha mwaka 1848 kwa kuogopa kuishia kuwa karani, akakaa nyumbani miaka minne akichora. Mwaka 1852 aliingia shule ya uchoraji ya Moscow, na kuanzia 1856 akawa mwanafunzi wa Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha St. Petersburg. Majira ya joto alikwenda kisiwa cha Valaam kwenye ziwa Ladoga, mahali pa miamba ya matale na misonobari iliyoshika mizizi kwenye nyufa. Picha za huko zilimpatia medali kubwa ya dhahabu mwaka 1860, na pamoja nayo posho ya kwenda ng'ambo. Alipita Munich, Prague, Zürich na Düsseldorf, na michoro yake ya kalamu ikamjengea jina Ujerumani kabla picha zake za mafuta hazijafanya hivyo. Alirudi Urusi mwaka 1865. Mwaka 1870 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha Peredvizhniki, wachoraji waliotembeza maonyesho yao mji hadi mji badala ya kusubiri watu waje Petersburg.

Nyumbani hakuwa na bahati. Mke wake wa kwanza, Evgenia, alikuwa dada wa mchoraji Fyodor Vasilyev, kijana mwenye kipaji kikubwa ambaye Shishkin alimfundisha na kwenda naye Valaam mwaka 1867. Vasilyev alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1873, Evgenia mwaka uliofuata. Mke wa pili, Olga Lagoda, naye mchoraji, walioana 1880 na akafariki 1881. Katikati ya misiba hiyo kazi iliendelea kutoka.

Sasa tuje kwenye mti wenyewe, maana ndiko ugomvi wa "kamera" unakoamuliwa.

Msonobari wa kaskazini una magome mawili kwenye shina moja. Chini, kuanzia ardhini, gome ni nene, la kijivu chenye ukahawia, limepasuka kuwa mabamba yenye mifereji ya kina. Ukipanda juu linakuwa jembamba, la rangi ya machungwa, linabanduka kama karatasi kavu. Mpito kati ya magome hayo hauna mstari ulionyooka: mabamba hupungua unene, mifereji hujaa, kisha wekundu huanza kuchungulia. Mchoraji asiyejua hili hulipa shina lote gome moja, na mti wake hugeuka nguzo. Mtazame Shishkin kwenye mchoro wa mwaka 1886 wa misonobari iliyopigwa na jua, alioufanyia Sestroretsk: sehemu ya chini imejengwa kwa milia mifupi mizito inayofuata mviringo wa shina, sehemu ya juu kwa rangi nyembamba na karibu laini.

Halafu unene. Msonobari uliokulia msituni, ukibanwa na wenzake, huacha matawi ya chini yafe kwa kukosa mwanga, na shina lake hupungua unene polepole sana likielekea juu. Kosa la kawaida ni kulichongoa kama karoti. Umbo la kuchongoka ni la mspruzi, jirani yake msituni, ambao matawi yake huinama kisha huinua ncha. Sindano za msonobari huota mbili mbili na hukusanyika kwenye ncha za vijiti, kwa hiyo taji lake ni mafungu yenye matundu ya mbingu katikati. Mwaloni nao haujui mstari ulionyooka, kila tawi linapinda kiwiko. Shishkin anapochora mti kutoka mbali, hata uwe na urefu wa sentimita mbili kwenye karatasi, unaweza kutaja jina lake. Majani hakuyahesabu. Alijua tu kila aina ya mti inavyokatisha mbingu kwa ukingo wake.

Maarifa haya yalitoka kwenye jasho la kila siku. Mwaka 1872 alikaa mashambani karibu na Luga pamoja na wachoraji wenzake Ivan Kramskoi na Konstantin Savitsky. Kramskoi alimwandikia Vasilyev kwamba Shishkin huchora michoro ya maandalizi miwili au mitatu kwa siku, migumu, na kila mmoja huumaliza kabisa. Hebu fikiria maana yake kwa vitendo: saa tatu au nne kwa kila mchoro, mahali pamoja, kwani jua likihama kupita hapo vivuli vyote huwa vya picha nyingine. Ndiyo sababu mingi ya michoro hiyo ni ya kipande kidogo: kisiki kimoja, makangaga, mawe mawili na ukoga. Ule wa magugu ya Pargolovo, wa katikati ya miaka ya 1880, ni majani mapana ya chini ya uzio tu. Mchoraji mwingine angeyakanyaga akitafuta mandhari.

Kuna picha ya Kramskoi ya mwaka 1873 inayomwonyesha Shishkin mzima mzima kwenye nyasi, ameegemea fimbo ya mwavuli wake wa kuchorea, sanduku la rangi limening'inia begani. Mwavuli ule haukuwa wa mvua. Jua likipiga moja kwa moja kwenye turubai na kwenye kibao cha rangi, jicho hufumba na mkono huchanganya rangi nzito kuliko inavyotakiwa, na ukifika nyumbani unakuta picha imetoka giza. Kivuli kilichotulia juu ya turubai ndicho kinachokuwezesha kupima mwanga wa kule mbele.

Na kamera? Aliitumia, wala hakuficha. Aliisifia kwa wanafunzi kama mwalimu mkali. Alipopewa karakana ya mandhari kwenye Chuo mwaka 1894, wakati wa mageuzi, aliwataka wakati wa baridi wachore kutoka kwenye picha zilizokuzwa, wakijifunza muundo wa matawi na magome. Lakini alionya pia kwamba asiye na kipaji atanakili picha kitumwa na kubeba hata visivyohitajika, ilhali mwenye hisia ya maumbile atachukua anachohitaji tu. Mchoraji mwenzake wa mandhari, Arkhip Kuindzhi, aliyekuwa na karakana yake hapo hapo, alifundisha kwa njia tofauti kabisa, akianzia kwenye rangi na athari ya mwanga. Wanafunzi walivutwa zaidi na Kuindzhi. Shishkin aliachia karakana mwaka 1895. Nadhani alikuwa sahihi kuhusu muundo na amekosea kuhusu vijana: mtu wa miaka ishirini ukimpa picha ya tawi miezi mitano ya baridi atakimbia, hata kama ni dawa.

Upande ambao mkono wake ulikuwa huru zaidi ni ule ambao watu huupita haraka kwenye majumba ya makumbusho: michoro ya kuchimbwa kwa asidi. Alifanya karibu mia moja, alikuwa kwenye chama cha wachoraji wa aina hiyo kilichoanzishwa Petersburg mwanzoni mwa miaka ya 1870, na alichapisha albamu kadhaa. Ile kubwa, yenye kazi 60, ilitolewa na mchapishaji A. F. Marks mwaka 1894. Ili uone alichokifanya, yakupasa ujue kazi yenyewe inavyokwenda, kwa sababu msitu ni mtihani mgumu kwa asidi.

Unaanza na bamba la shaba nyekundu, unene wa milimita moja au moja na nusu, lililosuguliwa likawa kioo. Kingo zake hupigwa tupa ziinamie nje, la sivyo zitakata karatasi na blanketi la mashine. Kisha mafuta yote huondolewa kwa chokaa laini na maji ya amonia. Maji yakitandaa juu ya bamba bila kukusanyika matone, limetakata. Yakikimbilia pembeni, rudia. Ukilipuuza hili, tabaka la kinga litabanduka ndani ya asidi, na anga lako litajaa vidoa vyeusi ambavyo hukuvichora.

Tabaka hilo la kinga ni mchanganyiko wa nta, lami na utomvu mkavu. Bamba hupashwa moto, mchanganyiko ukayeyuka juu yake na kusambazwa mwembamba kabisa, halafu bamba hugeuzwa chini juu na kupitishwa juu ya moshi wa mishumaa mpaka liwe jeusi. Moshi una kazi mbili: unaimarisha tabaka, na unafanya mstari wa sindano ung'ae kama dhahabu kwenye usiku. Mwali ukikaribia mno, nta inaungua, inakuwa kama masizi makavu, na sindano ikipita inavunja vipande badala ya kukata mstari. Hapo hakuna tiba ila kufuta na kuanza upya.

Sasa unachora, kinyume, maana kulia kutachapika kushoto. Sindano haichimbi shaba, inafungua njia tu. Anayechimba ni asidi. Kwa shaba hutumika asidi ya nitriki iliyopunguzwa makali kwa maji, kwa mfano sehemu moja ya asidi kwa mbili za maji. Mapovu hujitokeza kwenye mistari, nayo lazima yafagiliwe taratibu kwa unyoya, kwa kuwa povu likikaa mahali pamoja huzuia asidi na mstari hutoka umekatika katika. Mistari ya mbali, milima na miti ya ukungu, hutolewa baada ya dakika chache na kufunikwa kwa vanishi. Bamba hurudi kwenye asidi, mistari ya katikati hufunikwa, linarudi tena, mpaka vibaki vile vivuli vyeusi vya mbele vinavyoweza kuachwa muda mrefu zaidi ya vyote. Siku ya joto asidi hukimbia, na ratiba ya jana haifai leo. Kwa hiyo kina chote cha msitu, kutoka kisiki cha mbele hadi mti wa mwisho, hupangwa kwa saa wala si kwa nguvu ya mkono.

Hapa ndipo msitu unapowaumbua watu. Asidi haichimbi kwenda chini tu, inatanuka pembeni pia. Ukiweka mistari karibu karibu sana, kama kila mtu anavyotamani akifika kwenye majani mengi, kuta nyembamba kati ya mistari huliwa, tabaka la kinga linaporomoka, na badala ya mifereji mingi unapata shimo moja pana na la kina kifupi. Shimo la namna hiyo halishiki wino. Likifutwa, wino hutoka, na mahali ulipotaka giza totoro panachapika kijivu cha kuchoka, na ukingo mweusi pembeni. Tatizo ni la kikatili kwa sababu linatokea pale pale ulipofanya bidii zaidi.

Ukitazama michoro ya Shishkin kwa lenzi utaona anavyolikwepa. Giza lake halitokani na mistari iliyosongana. Limetokana na mistari iliyoachana, iliyochimbwa kwa kina tofauti, ikikatizana kwa pembe inayobadilika kutoka fungu moja la majani hadi jingine. Jani lililo kwenye mwanga hakulichora. Amechora giza lililo nyuma yake, jani likabaki ni karatasi nyeupe yenye ukingo. Kwenye shina la mspruzi mistari huzunguka na mviringo, kwenye nyasi husimama, kwenye maji hulala. Ondoa taarifa zote za kivuli na bado ungejua kipi ni kipi kwa mwelekeo wa sindano peke yake.

Kuchapa alikufanya mwenyewe. Karatasi huloweshwa ikawa laini, bamba hupakwa wino mzito likiwa vuguvugu, kisha hufutwa kwa kitambaa kigumu cha wavu na mwishowe kwa kiganja. Anayefuta kabisa hupata mstari mtupu juu ya weupe. Anayebakiza utando mwembamba wa wino hupata hali ya hewa: jioni, mvua, mawingu. Shishkin alicheza na utando huo kila mara, akiongeza vivuli kwa rangi juu ya bamba, akifuta sehemu ndogo ili mwezi ung'ae, hata nakala mbili za bamba moja zikawa saa mbili tofauti za siku. Alijaribu pia kuchimba kwa njia ya kinyume, mistari ikabaki imeinuka, ili mchoro uweze kuchapwa kwa mashine ya herufi kama maandishi ya kawaida. Mtu wa "kamera" hasumbuki hivyo.

Ukishaona hayo, picha za mafuta zinafunguka. Ile ya dubu, "Asubuhi katika Msitu wa Misonobari" ya mwaka 1889, yenye sentimita 139 kwa 213, kumbe imepangwa kama bamba lililofunikwa kwa zamu: shina lililovunjika la mbele lina weusi wote, mashina ya pili yake yamepungua, na ya ng'ambo ya bonde yamebaki rangi ya mwanga tu. Dubu wenyewe walichorwa na Savitsky, aliyetia sahihi pamoja naye. Pavel Tretyakov, mkusanyaji wa sanaa wa Moscow, aliinunua kwa rubli 4,000, robo ikaenda kwa Savitsky, kisha sahihi ya Savitsky ikaondolewa kwa amri ya Tretyakov, aliyeona kwamba picha nzima inazungumza kwa namna ya Shishkin. Kwa haki Savitsky alidhulumiwa. Kwa jicho, Tretyakov hakukosea: ziba dubu kwa kidole, msitu unasimama.

"Rai" ya mwaka 1878, yenye jina la aina ya nafaka, ile ya shamba la nafaka hiyo na misonobari mikubwa kando ya njia, inafaa itazamwe polepole. Misonobari ile ina mashina marefu yasiyo na matawi chini, ingawa imesimama peupe. Mti uliokulia peupe hubaki na matawi ya chini. Kwa hiyo hapa palikuwa na msitu, ukafyekwa, ikaachwa michache. Mmoja umekufa na haujaanguka. Mbayuwayu wanaruka chini chini juu ya njia, mawingu yamejikusanya upeoni. Yote yamesemwa bila neno.

Udhaifu upo. Kramskoi, aliyemheshimu kuliko wote na kumwona kama shule nzima ndani ya mtu mmoja, aliandika pia kwamba Shishkin amepungukiwa na ule mshipa wa moyo unaosikia muziki wa maumbile. Kijani chake cha miaka ya 1870 ni kizito, na kwenye turubai kubwa kila jani linadai haki sawa na jirani yake, jicho likakosa pa kupumzika. "Mvua katika Msitu wa Mialoni" ya 1891 inaonyesha alijifunza kuachia: nyuma ya miti miwili mitatu, ukungu umekula kila kitu. Lakini "Shamba la Misonobari ya Merikebu" ya 1898, yenye sentimita 165 kwa 252, inarudi kwenye nguvu yake ya asili. Ni misonobari ya karibu na Yelabuga kwao, ile ya kukatwa milingoti. Vilele vingi vimekatwa na fremu kwa makusudi, hivyo jicho linalazimika kuumalizia urefu lenyewe. Alikufa Machi mwaka huo huo, kwenye karakana yake Petersburg, akiwa ameketi mbele ya turubai mpya.

Jambo la mwisho, kwa anayekutana na mchoro wake wa asidi kwenye karatasi na anataka kujua ametazama nini. Pitisha mwanga kwa ubavu. Uchapaji halisi wa bamba huacha alama ya kingo iliyozama kwenye karatasi, na wino wa mistari mizito umeinuka kidogo, hata kivuli chake kinaonekana kwa lenzi. Ukikuta nukta ndogo zilizopangwa safu, hiyo ni nakala ya kiwandani. Kisha angalia miti ya mbali. Shaba ni laini, na kila nakala inayofutwa na kubanwa huipunguza kidogo. Mistari iliyochimbwa kwa dakika chache ndiyo hutangulia kupotea. Ukiona mbele kumekaa sawa na weusi wake, lakini upeo umebaki vipande vya mistari visivyoungana, bamba lilikuwa limechoka kabla karatasi hiyo haijalifikia.